Jina la Kibaoni

Natengeneza makochi. Kazi hii inataka mikono minne: mtu mmoja avute kitambaa, mwingine apige misumari. Mimi ninayo miwili. Kwa hiyo nimefunga tofali kwa kamba, nalining'iniza kwenye ncha ya kitambaa, linanivutia. Tofali halichoki wala halibishi. Neno nalo halisemi, tangu asubuhi mpaka nafunga duka.

Jumatano nilipeleka fomu ya wamiliki kwa msajili wa makampuni. Kila mwaka lazima useme kampuni ni ya nani hasa, na inafanya biashara kwa majina gani. Cheti changu kina jina refu alilotunga mwanasheria, ambalo hakuna mteja hata mmoja anayelijua. Kwenye nafasi ya jina la biashara niliweka mstari, mambo yaishe.

Karani, mama mmoja mwenye miwani puani, aliomba risiti yangu yoyote. Nikampa. Akailaza kando ya fomu.

"Mzee, hapa umesema huna jina la biashara. Huku umepiga muhuri Ndugu Wawili."

Nikamwambia hilo ni la kibaoni tu. Akasema la kibaoni ndilo analolitaka, maana watu wananijua kwa hilo, si kwa la mwanasheria. Halafu akaangalia sehemu ya wamiliki.

"Ndugu wawili, na hapa naona mmoja. Wa pili umemficha wapi?"

"Labda yuko chini ya kochi," mtu akasema kwenye foleni, wenzake wakacheka.

Nilimweleza kwamba mdogo wangu alinirudishia hisa zake miaka sita iliyopita, akaondoka. Akasema karatasi anaziona, lakini jina linasema vingine, na kazi yake ni kuuliza. Nina mpaka Ijumaa. Nilete maneno ya mdogo wangu mwenyewe kwamba hana fungu humo, hata ujumbe wa simu utatosha. Au niandike kwamba jina hilo silitumii tena, kisha niteremshe kibao na kutupa muhuri.

Kibao alikichora mdogo wangu. Herufi zake zinapanda mlima.

Alhamisi niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda na bisibisi. Skrubu tatu zilitoka bila shida. Ya nne ilikataa. Aliikaza yeye, mimi nikiwa nimemshikia ngazi. Nikashuka, nikapiga simu.

Sikuwa nimempigia tangu siku ile nilipomwambia mbele ya mteja kwamba mshono wake ni wa mlevi. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndiyo kabisa. Mshono wenyewe haukuwa mbaya. Nilikuwa na njaa.

Aliitika "Kaka," basi. Nikamweleza habari ya fomu, bila hata kuuliza watoto hawajambo.

"Kibao bado kipo?" akauliza.

"Kinaning'inia kwa skrubu moja."

"Na kitambaa anakuvutia nani?"

"Tofali."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Nami nikacheka. Kisha kikaisha. Nilitaka kumwambia ule mshono haukuwa mbaya. Nikauliza kama mvua imenyesha kwao. Akasema imenyesha.

Ujumbe uliingia baadaye: "Sina hisa wala kauli kwenye kampuni ya kaka yangu. Jina la Ndugu Wawili aendelee nalo." Niliusoma mara nyingi, nikishuka mpaka chini kuona kama kuna kingine. Hakuna.

Ijumaa karani aliuchapa, akaugonga muhuri. Kwenye jina la biashara nikaandika Ndugu Wawili. Kwenye wamiliki nikaandika jina langu, na chini yake ikabaki mistari mitatu mitupu. Akaniambia niikate kwa kalamu, asije mtu akajiandika humo.

Nikaikata.

Nilirudi dukani, nikapanda kurudisha zile skrubu tatu. Ngazi ilitikisika. Nikangoja itulie yenyewe, ndipo nikaanza kukaza.