Picha Iliyobaki kwa Mjomba

Picha ya mama yangu ilionekana mahali pamoja tu duniani: kwenye kompyuta ya mjomba. Ukoo mzima uliamini inaonekana kote.

Mjomba alikuwa na ofisi ya uchapaji, chumba kimoja chenye feni inayonung'unika, meza mbili na mashine ya fotokopi. Tulichapa mitihani, barua za kuomba kazi na kadi za mialiko. Mimi nilikuwa nimemaliza stashahada ya uandishi nikakosa ajira, akanipa kiti cha pili. "Diploma yako ikae hapo na wewe," alisema, "isije ikapigwa na baridi." Enzi hizo simu zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu. Aliyetaka mtandao alikwenda kwenye mkahawa wa intaneti, au alikuja kwetu kusikiliza modemu ya mjomba ikikoroma.

Fahari yake kubwa ilikuwa programu ndogo aliyoipachika ndani ya programu ya kuandikia. Unaandika kama unavyoandika barua yoyote, unaweka picha yako, unabonyeza kitufe kimoja pale juu, na barua inageuka ukurasa wa wavuti na kupanda mtandaoni. "Wenzangu wanakwenda chuo kusomea haya," aliwaambia wateja. "Mimi nabonyeza."

Kisha mama akapotea.

Mama alikuwa fundi cherehani. Akili yake ilikuwa ikifumuka polepole kama pindo lililoshonwa kwa uzi mbovu. Mwanzo alisahau majina, halafu nyumba, halafu mimi. Siku hiyo alitoka mchana nikiwa kazini. Jirani alimwona akipanda basi, akadhani anakwenda kununua vitambaa.

"Tutamtangaza dunia nzima," mjomba alisema. Mama alikuwa dada yake wa kumfuata, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Andika, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Niliandika hivi: *Ukimkuta, usimuulize jina, halijui. Atakupima mabega kwa shibiri na kukuahidi kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia ana kovu la pasi. Akili zimemtoka na njia ya nyumbani haijui. Usimwache aondoke.*

Nilitaka hata asiyeona aweze kumtambua.

Mjomba alisoma, akavua miwani. "Hii unaandika habari za dada yangu au za chizi wa sokoni?"

"Ndivyo alivyo, mjomba."

"Ndivyo alivyo ndani ya nyumba. Nje ana heshima zake. Wakwe watasoma haya! Watoto wako kesho watachumbiwa na nani?"

"Sina hata mchumba mwenyewe, mjomba, unahangaika na wa watoto?"

"Kwa mdomo huo, hutampata." Akavuta kibodi, akafuta yangu yote, akaandika yake kwa vidole viwili: *Mama mpendwa, nguzo ya ukoo, mpole, mcheshi, mwenye upendo kwa wakubwa na wadogo. Mwenye taarifa zake atufahamishe.* Chini akaweka namba ya ofisi. Akaingiza picha, akabonyeza kitufe, akaegemea kiti kama mtu aliyeshiba.

Hiyo ingeweza kuwa nguzo ya ukoo wowote. Nilisema hivyo. Akaniambia nikatoe kopi.

Tangazo la redio nalo akalifupisha. Alisema hakuna haja ya maneno mengi hewani, maana "picha na maelezo kamili yako mtandaoni". Mtangazaji aliisoma anwani ya ukurasa herufi kwa herufi, na mjomba akaitikia kila herufi kwa kichwa.

Ndugu wakaja kuuona. Walikuja ofisini kwa mafungu, wakakaa kwenye mabenchi ya wateja, mjomba akawageuzia kompyuta. Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama, alifuta vumbi kwenye kioo, juu ya uso wa mdogo wake, kwa kidole gumba. "Kumbe dunia nzima inamtazama," alisema, na wote wakavuta pumzi kidogo.

Simu haikulia.

Mchana mmoja nilitumwa kununua wino. Mkahawa wa intaneti ulikuwa jirani na duka la wino, nikaingia. Sikuwa na shaka yoyote, nilitaka tu kumwona mama. Nikaandika anwani. Pale pa picha palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo nyekundu kwenye kona. Nikahamia kompyuta nyingine. Kisanduku. Chini yake zile sifa: mpole, mcheshi, wa wakubwa na wadogo. Mtu gani? Yeyote.

Nilirudi mbio bila wino.

"Mjomba, picha haipo."

Akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake. Mama akatokea, anatabasamu. "Na huyu nani? Au na wewe umeanza kusahau?"

"Hapa iko kwa sababu imehifadhiwa humu humu. Kile kitufe hakikuipeleka. Kimepeleka maandishi, halafu kimewaambia watu picha iko kwenye droo yako. Nani atafungua droo yako akiwa mbali?"

"Kompyuta za vijiweni zimejaa virusi."

"Twende ukaone mwenyewe. Ni hapo tu."

"Nimeanza kuchapa wewe hujui hata kushika kalamu! Nikafundishwe kijiweni?" Akanigeuzia mgongo. Niliomba tena kesho yake, na keshokutwa. Mama mkubwa akanivuta pembeni kuniambia nisimchokoze kaka yake, ana majonzi. Mimi sikuwa na majonzi, nadhani.

Hatimaye mjomba akasafiri kupeleka mitihani, akaniachia ufunguo nimalizie kadi za harusi. Sikugusa kadi hata moja. Nenosiri la ukurasa nililijua, kwani siku zote mimi ndiye niliyemwandikia. Niliipandisha picha ya mama mwenyewe, nikafuta zile sifa, nikarudisha maneno yangu yote: mabega, Ijumaa, kovu, akili zilizomtoka. Nikakimbia mkahawani kuhakikisha. Mama alikuwepo. Mwenye mkahawa akachungulia begani pangu, akasoma hadi mwisho.

Simu ililia kesho yake asubuhi. Alikuwa muuguzi, kutoka mji ambao hakuna ndugu yetu aliyewahi kufika.

"Nilisikia redioni mara ya kwanza," alisema. "Nikamwomba mhasibu anifungulie. Hapakuwa na sura. Nikasoma, nikaona wetu hawezi kuwa huyo. Wetu haongei na mtu ila habari za nguo. Jana tangazo limerudiwa, nikasema acha nitazame tena."

"Wenu ni yupi?"

"Alikuwa anatupima mabega, dada. Wodi nzima, wagonjwa hadi daktari. Tulimwita Fundi. Alishikwa na homa ya mapafu. Aliondoka wiki iliyopita. Hakuwa na wa kumchukua, manispaa wakamzika."

Nilimuuliza kama mama alilia. Akasema hapana, aliuliza tu mara nyingi kama Ijumaa imefika.

Tulikwenda kuonyeshwa kaburi, kibao chenye namba. Tuliporudi, ukoo ukakaa nyumbani kwa mama mkubwa. Nilidhani tunakaa kumlilia mama. Kumbe nilikuwa nimewekewa kikao.

"Umeingia ofisini kwa mjomba wako akiwa hayupo," mama mkubwa alianza. "Ukaandika kwamba mama yako amerukwa na akili. Watu wamesoma! Watu wananisimamisha njiani!"

"Na mmoja aliyesoma ndiye aliyetuonyesha kaburi, mama mkubwa."

"Tunazungumzia heshima."

"Heshima ya nani? Yeye alikufa akiitwa Fundi na watu wasiomjua, kitandani, na sisi tuko hapa tunafuta kioo."

Mjomba alikuwa kwenye kona, amekonda, miwani mkononi. Kabla ya kikao nilikuwa nimemkuta ofisini peke yake mbele ya kompyuta, akiitazama picha ya mama. Aliwahi kunipenda kama mwanawe, na hakuna kati yetu aliyempenda mama kuliko yeye. Sasa alisema kwa sauti ya chini, "Mimi nimeshamsamehe. Aseme neno moja tu, ayarudishe maandishi yangu ya mwanzo, yaishe."

"Umesikia?" mama mkubwa akasema. "Piga magoti. Mwombe mjomba wako radhi."

Macho yote yakanigeukia. Shangazi mmoja alikuwa tayari amenisogezea mkeka.

"Siombi," nilisema. "Mjomba, pole kwa msiba, wewe na mimi. Lakini radhi siombi, na ukurasa haubadilishwi hata nukta."

"Mtoto huyu!" mama mkubwa akapiga kelele. "Hata kwa ajili ya marehemu?"

"Hata kwa ajili yake. Siombi radhi."