Kilio cha Bi Nermina

Katika mtaa wa Manundu, pale Korogwe, hakuna aliyemchukia Bi Nermina kama Loyce fundi cherehani. Wenzake walimchukia kwa ile nusu saa ya tamthilia, kisha wakaenda kuinjika sufuria. Loyce alimchukia tangu asubuhi. Alimchukia akipima viuno vya watu, alimchukia akipenyeza uzi kwenye tundu la sindano, na hata kanisani, Mungu amsamehe, padri aliposema tuwapende adui zetu, yeye aliona hereni za lulu za Bi Nermina zikining'inia juu ya altare.

Bi Nermina alikuwa mwenye nyumba katika *Jumba Jeupe*, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, iliyorushwa kila siku saa kumi jioni. Alikuwa amemfukuza mkwe wake mjamzito mvua ikimwagika. Alikuwa amechoma barua zisizo zake. Na juzijuzi tu alimwambia mpishi aliyemtumikia miaka thelathini, "Katika nyumba hii hata paka anajua mahali pake pa kukaa." Siku ile Loyce alishona mkono wa gauni la mteja mahali pa mfuko.

"Ila huyo anayemtilia sauti," alikuwa akimwambia Zamda, muuza mboga wa kibanda cha jirani, "huyo naye ana mambo yake. Hebu sikiliza. Mturuki anafungua mdomo, Kiswahili kinatoka, na huoni pengo hata la kupitisha sindano. Sauti nzito, kavu, inakatika mwishoni kama uzi uliong'atwa kwa meno. Mimi nikiisikia mwili unanisisimka."

"Si ulisema unamchukia?"

"Ndiyo utamu wenyewe, shoga."

Maisha yalikuwa yamemchapa Loyce vya kutosha. Mume wake aliaga kwamba anakwenda kununua kiberiti, huu ni mwaka wa kumi na moja, na Loyce husema kwamba bila shaka anakitafuta kile kisichozimika kwenye upepo. Kibanda chake cha kwanza kiliungua na vitenge vya watu ndani. Katika yote hayo alibaki na vitu viwili, mdomo na hadithi. Filamu za Kihindi alizililia, za Kichina alizirukia kutoka kwenye benchi, na riwaya alizozivalisha magazeti aliwaazima wateja kwa sharti moja tu, kwamba mtu akirudisha kitabu arudishe na maoni. Akimaliza kitabu kizuri hakukifunga haraka. Alikipakata kwa dakika kadhaa akitazama mlangoni, kama mtu ambaye mgeni wake ndiyo kwanza ameondoka.

Jumatatu ya wiki hiyo kaka yake, Ernesti, alipiga simu kutoka Misima, upande wa Handeni, anakolima shamba ambalo wazazi wao walihamia walipoacha kazi ya mkonge. Jumamosi wangeweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yao. Ule wa mti ulikuwa na miaka sita, na mchwa walikwisha kuumaliza.

"Sasa, na Angel je?" Ernesti aliuliza. "Nimwambie?"

"Angel ndiyo nani? Yule aliyekuja kwenye mazishi kwa ujumbe wa simu?"

"Loyce."

"Nipo."

"Huyo ni mdogo wako."

Angel alikuwa kitinda mimba wao. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya kuigiza, kazi ambayo mama yao hakupata kuiita jina lingine zaidi ya uhuni. Mama alipofariki, Angel aliandika: *Dada, nimeshindwa kuja. Nisameheni.* Loyce aliusoma ujumbe huo viatu vyake vikiwa bado na udongo wa kaburi. Alijibu palepale: *Basi hata mimi nikifa, usije.* Kisha akaifuta namba.

"Mimi nimechoka kuwa ukuta kati yenu," Ernesti alisema. "Ukisema asije, hatakuja, maana anakuogopa wewe kuliko alivyomwogopa mama. Lakini msalaba ukishasimama, umesimama. Hatutaung'oa siku mtakapopatana. Alhamisi nataka jibu."

"Jibu langu unalo miaka sita."

"Alhamisi," alisema Ernesti, akakata.

Jumatano saa kumi kasoro Zamda aliingia na beseni lake la mchicha, akajibana kwenye benchi pamoja na wateja wawili waliokuja kuchukua nguo ambazo walijua fika haziko tayari. Runinga ilikuwa ukutani, juu ya picha za mitindo. Loyce aliendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa na ujuzi wa kushona pindo zima bila kulitazama.

Siku hiyo katika Jumba Jeupe alifariki mama mzazi wa Bi Nermina, ajuza ambaye hakuwa amesema neno tangu tamthilia ianze. Bi Nermina alipanda ngazi polepole. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda, kamera ikibaki mgongoni kwake. Mabega yale yaliyozoea kuamuru yakaanza kutetemeka.

"Lia, lia," Loyce alisema. "Wenzako uliwaliza bila leso."

Ndipo sauti ikaanza. Kwanza pumzi fupi tatu, kisha mvumo wa chini kama mtu anayetafuta ufunguo wa wimbo. Halafu maneno.

"Nani atanianikia singa, mama? Nani atanianikia singa jua likiwaka? Nani atachota maji ya kambini kabla king'ora hakijalia? Nani ataniita nikichelewa, mama, nani ataniita?"

Zamda aliangua kicheko. "Singa? Kwani Uturuki kuna mkonge? Na lile jumba lote, mama wa watu alikuwa anaanika singa!"

Wateja nao walicheka. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Nyamazeni," alisema Loyce.

"Shoga, lakini—"

"Zamda, nakuomba. Nyamaza."

Hakuwa anaona runinga tena. Alikuwa anaona nyumba za kambi ya mkonge, zimeungana ukuta kwa ukuta, na mama yao amepiga magoti kwenye singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, zilizomwagika chini, siku habari ya kifo cha bibi ilipofika. Loyce alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisimama nyuma ya mlango amemshika mkono Angel wa miaka mitano, ambaye alikuwa ameachama mdomo, akimsikiliza mama yao akizitaja kazi za marehemu moja baada ya nyingine, kama walivyolia wanawake wa pale kambini. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, na maneno haya yalikuwa ya mama yao. Hayakuandikwa kwenye kitabu chochote, na Ernesti hakuwapo siku ile. Watu waliobaki duniani wanaoyajua walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameketi hapa na sindano mkononi.

Chini ya ile sauti nzito ya kizee aliisikia sasa, wazi kabisa, sauti ya mtoto aliyekuwa akimwigiza nyapara mpaka kambi nzima inashika mbavu. Mwaka mzima ilikuwa ikiingia humu kibandani kila jioni, na yeye akiitukana.

Kisha likamjia jambo lililomfanya ashike meza. Saa ile, wakati uleule, runinga zilikuwa zimewashwa Tanga na Mombo, Dodoma na Kigoma, kwenye saluni, migahawa na sebule za watu asiowajua. Kote huko watu walikuwa wameketi kimya. Mama yao alizikwa na watu arobaini chini ya manyunyu. Sasa nchi nzima ilikuwa inamlilia, bila kumjua.

"Ni mdogo wangu," alisema.

"Nani?" Zamda alimtazama, kisha akaitazama runinga. "Yule Mturuki?"

"Sauti, Zamda! Sauti ni ya Angel!"

Hakusubiri Alhamisi. Alimpigia Ernesti kumwomba namba, na Ernesti, ambaye lazima alikuwa na mengi ya kusema, aliitaja namba tu, polepole, mara mbili. Wateja walisahau nguo zao. Simu iliita mara tano.

"Haloo?"

Loyce alikuwa amepanga la kusema. Akasema lingine.

"Naomba kuongea na Bi Nermina."

Sauti ikajibu, nzito, kavu, ikikatika mwishoni:

"Ni nani huyu anayepiga simu nyumbani kwangu bila kujitambulisha?"

Zamda, aliyekuwa amesogeza sikio, aliangusha beseni. "Mungu wangu! Ni yeye kabisa!"

"Ni fundi wako wa Korogwe," alisema Loyce. "Nimekutukana mwaka mzima, mama. Wiki iliyopita nilikuombea jipu."

Upande wa pili kikasikika kicheko, kisha kicheko kikavunjika katikati. "Dada."

"Singa, Angel. Umempa Mturuki singa."

"Kwenye karatasi waliandika neno moja tu, dada. *Analia.* Na kamera iko mgongoni, mdomo hauonekani. Basi nikalia. Nilipomaliza, fundi mitambo alikuwa amevua spika za masikioni ananitazama tu. Wakaniuliza singa ni kitu gani. Nikawaambia, kama mnataka aseme kingine, mtafuteni mwingine alie."

"Ungewakubalia ningekuja huko mwenyewe na mkasi."

Loyce alisikia namna mdogo wake anavyovuta pumzi, akashangaa kwamba mtu anaweza kuikumbuka kwa hamu hata pumzi ya mtu.

"Jumamosi tunamwekea mama msalaba," alisema. "Njoo."

"Dada, hujui kwa nini siku ile mimi—"

"Utaniambia ukifika. Au usiniambie. Wewe njoo."

"Muulize," Zamda alinong'ona, akimvuta kanga, "yule mkwe atarudi? Mtoto ni wa nani?"

"Jirani yangu anauliza kama mkwe wako atarudi."

"Mwambie jirani," ilijibu sauti ya Bi Nermina, "kwamba katika nyumba hii maswali nauliza mimi." Zamda alijishika kifua kwa furaha, kama aliyepewa mkono na rais.

Ijumaa mchana Angel alishuka kwenye basi pale Misima. Loyce, aliyefika asubuhi kwa gari la Handeni, alimtafuta kwa macho hadi alipomwona: mwembamba, kitambaa kichwani, begi dogo begani. Alishindwa kuelewa sauti kubwa kama ile ilikuwa inakaa wapi. Walikumbatiana barabarani kwa muda mrefu mpaka basi likawapigia honi.

Nyumbani kwa Ernesti wanawake wa jirani walikuwa wanachambua mchele. Angel alimwinamia mkubwa wao, Bibi Faudhia, ambaye alikuwa rafiki wa mama tangu walipohamia pale.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Faudhia alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Hebu sema tena."

"Shikamoo."

"Sauti hiyo! Si wewe uliyemtoa yule binti kwenye mvua, na tumbo lake lile?"

"Ilikuwa kazi tu, bibi."

"Kazi gani ya kutesa watu!" Alimtazama juu hadi chini, wenzake wakiwa wameacha nyungo. "Marahaba. Lakini ulikosea. Na hiyo juzi ulinitoa machozi, na mimi sikutaka kukulilia wewe." Ndipo akamvuta akamkalisha karibu yake, akamshika mkono asimwachie, akimchungulia mdomoni kila alipozungumza.

Loyce alisimama mlangoni akitazama. Alikuwa ameziona filamu nyingi, amesoma vitabu mpaka magamba yakaachia, na siku zote aliamini kwamba maajabu hutengenezwa mbali, na watu wa mbali. Kumbe mengine yalitoka kwenye nyumba yao ya kambini, ya tatu kutoka kwenye bomba la maji.

Jumamosi asubuhi msalaba ulisimamishwa. Katekista alisoma sala, Ernesti akashindilia udongo kwa mguu, na watu wakaimba beti mbili. Kisha katekista akasema kwamba kitinda mimba atatoa neno.

Angel alisogea mbele. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu walisubiri. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akaanza kuinamisha uso kwa aibu. Ernesti alimtazama Loyce, kama kumwomba aokoe jahazi. Loyce alitikisa kichwa. Alikuwa ametazama tamthilia za kutosha kujua kwamba mhusika akinyamaza namna ile, mtu hagusi rimoti.

"Mama," alisema Angel hatimaye. Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruza kidogo, isiyoweza kumtisha hata paka. "Siku ile nilifika mpaka Mkata. Nikashuka kubadilisha gari. Mara ya mwisho tulipoongea ulinikaripia kwa ajili ya kazi yangu, na mimi nikakukatia simu. Nikamsikia kondakta anaita Misima, Misima, miguu ikakataa. Niliona nikifika nitakukuta bado umekasirika. Nikamwandikia dada. Nikakaa pale stendi mpaka magari yakaisha."

Mkata. Mwendo usiofika saa nzima kutoka hapa waliposimama. Ule ujumbe aliousoma Loyce akiwa na udongo viatuni, akauona umetoka mbali, kwa mtu asiyejali, ulikuwa umetumwa kutoka hapo tu barabarani, na jibu lake lilimkuta mdogo wake ameketi peke yake na begi la msiba miguuni. Angel hakulitaja jibu hilo. Alikuwa amekaa na siri hiyo miaka sita na hakuwa na nia ya kuitoa mbele za watu.

Loyce alipita katikati ya watu, akawakanyaga wawili bila kuomba radhi, akaenda akasimama bega kwa bega na mdogo wake mbele ya msalaba ambao saruji yake ilikuwa bado haijakauka sawasawa.

"Nisamehe," alimwambia, kwa sauti ya chini sana.

Angel aliupapasa mkono wake, akaushika.

"Sasa endelea," alisema Loyce. "Mama anasikiliza."