Kwa Wasiosikia Vizuri

Redio ile ndogo ya mji ilipita mikononi mwa wamiliki watatu, na kila mmoja alikuja na mambo yake. Wa kwanza, mwalimu mstaafu, alitaka salamu na matangazo ya mbuzi waliopotea. Wa pili aliuza magodoro, basi ikawa muziki na magodoro, magodoro na muziki, mpaka wasikilizaji wakasinzia. Wa tatu walimbandika jina la Miwani, maana hakuivua hata gizani. Siku ya kwanza aliizunguka studio, akasema, "Salamu hazilipi. Watu wanataka kuambiwa nani mbaya." Ndipo kikazaliwa kipindi cha Fichua: mtu anapiga simu, anamtaja mwizi au tapeli hewani, na ushahidi hakuna anayeuliza.

Kila mmiliki alifukuza watu akaleta wake. Aliyebaki miaka yote ni mtangazaji mmoja, waliyemwita Dada Sauti. Kipindi hicho alikiogopa kama kifo. Lakini alikuwa na mtoto wa miaka minne, mume hana, na kazi nyingine haijui. Akafyata mkia, akatangaza.

Mchana ule mji mzima ulikuwa roho juu. Mtoto wa fundi cherehani hakuonekana tangu jana. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyekuwa akihema.

"Dada, nimesikia mtoto analia! Ndani kwa bibi mmoja hivi, hapendi watu. Nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu."

Miaka ya salamu ilimzoesha jambo moja: mahali anapotaja mpigaji hurudiwa, polepole, kwa wasiosikia vizuri. Mdomo ukaitangulia akili. "Nyuma ya mashine ya kusaga," alisema kwa sauti yake ile tamu, "mlango wa bluu."

Ndipo akili ikafika. Mlango ule aliupaka rangi yeye mwenyewe. Bibi huyo ni shangazi yake aliyemlea, na anayelia ni Kidoti, mwanawe, ambaye kila siku huangua kilio mama akienda kazini.

"Jamani, huyo mtoto ni wangu!" Simu ilishakatika, na waliotoka mbio waliziacha redio majumbani. Akaweka muziki, akampigia shangazi. Ikaita, ikaita. Shangazi na simu yake ni watu wasiojuana. Akapiga tena. Nyuma ya kioo Miwani aliukata muziki, akamwinulia dole gumba, akaunganisha simu nyingine, ya mwanamume yule yule.

"Dada, tumefika. Mlango tumevunja. Bibi anadai eti ni mjukuu wake. Si wote husema hivyo? Sasa tumfanyeje?"

"Wanangu, nisikilizeni kwanza," ilisikika sauti ya shangazi kwa mbali.

Dada Sauti alikivuta kipaza sauti. "Msimguse! Nawaomba, msimguse. Mpeni mtoto simu."

Kukawa na vurugu, kisha pumzi ndogo za kwikwi.

"Kidoti wangu, ni mama. Usiogope. Waambie huyo ni nani."

Mtoto huyu mbele ya wageni hupoteza ulimi, hata jina lake halitaji. Mama mtu aliushika ukingo wa meza akimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Ni Bibi," kikasema kisauti. "Mama, njoo. Wamemsukuma Bibi."

Watu wakanong'ona. Yule mwanamume akairudia simu yake, akakohoa.

"Tuwie radhi, dada. Tulisikia wewe mwenyewe ukitaja, tukajua ni hakika."

Machozi yakamtoka Dada Sauti hapo hapo hewani. Alidhani yamekwisha.

"Haya basi," akaendelea yule mtu kwa upole, na waliokuwa nyuma yake wakanyamaza ili wasikie vizuri. "Na yule mtoto wa fundi cherehani yuko nyumba ipi? Tuko wengi hapa, dada. Wewe taja tu."

Taa za simu zikawaka zote kwa pamoja. Miwani akagonga kioo, akamwashiria apokee.