Ntumba Kwenye Kioo cha Raymond

Raymond alikuwa anavuna ngano wakati kioo cha kompyuta kilipoanza kutetemeka. Ilikuwa Jumamosi jioni, umeme ulikuwa haujakatika tangu asubuhi, na mkewe Stefania alikuwa mlangoni akipeta maharage. Mashine ya kuvunia ilikuwa imefika katikati ya shamba. Picha ikaruka juu, ikashuka, ikageuka njano, kisha ukatokea mkanda wa kijani upande wa kushoto wa kioo, kutoka juu mpaka chini, upana wa kiganja.

Raymond alifanya kwanza kile ambacho mtu yeyote wa Kizwite, mtaa wao wa Sumbawanga, angefanya, akapiga ubavu wa kioo kwa mkono. Haikusaidia. Akachukua kitambaa akafuta vumbi. Kisha akakumbuka alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni pale ukumbi wa parokia, kwamba mtu aanze na waya kabla ya kulaumu mashine. Akazima, akachomoa kebo yenye kichwa cha bluu, akaipuliza, akairudisha na kukaza skrubu zake mbili. Akawasha. Njano ilikuwa imeondoka. Mkanda ulikuwepo.

Gemu lenyewe lilikuwa la kilimo. Mchezaji hupewa shamba, trekta na mbegu, naye hulima, hupanda, huvuna na kuuza. Raymond hakuwa na shamba lingine. Shamba la familia yao, lililoko juu kwenye nyanda, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze, lilikuwa ndani ya uzio wa kampuni ya miti. Yeye na mkewe walikuwa wamehamia kwenye chumba cha kupanga mjini. Watu walipomuulizia, Stefania aliwajibu kwamba yuko shambani, na hakuona kama anasema uongo.

Jumapili baada ya misa mkanda ulikuwa umepanuka, na ndani yake zilionekana nyasi. Hazikuwa nyasi za gemu, zile zinazofanana zote kama zimekatwa kwa mkasi mmoja. Zilikuwa nyasi za Ufipa, zenye rangi ya majani ya chai iliyokwisha kuchujwa, zimelalia upande mmoja kwa upepo. Trekta likifika ukingoni mwa mkanda linazima injini. Raymond akaingia kwenye mpangilio, akapunguza ubora wa picha mpaka chini kabisa. Trekta likawa kama matofali yaliyopangwa na mtoto, nyumba zikapoteza madirisha. Nyasi zilibaki vilevile, unaweza kuhesabu unyasi mmoja mmoja.

Jumatatu akamwita Ambilikile.

Ambilikile alikuwa fundi kompyuta, mtu wa Tukuyu aliyekuja Sumbawanga kutafuta maisha akayapata kiasi. Aliingia na begi lake la bisibisi, akatazama kioo, kisha akamgeukia Stefania.

"Shemeji, huyu mumeo analima kuliko watu wa Laela wote. Mbona ndani sioni hata debe moja?"

"Debe lipo," Stefania alisema. "Lina maji."

Fundi akacheka peke yake, akakaa chini. Akafungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi jekundu, akachomoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kama mafundi wote wafanyavyo. Akairudisha. Mkanda ulikuwepo. Akafuta gemu na kulipakia upya, kazi iliyochukua muda wa kupika chai na kuinywa. Mkanda ulikuwepo. Mwishowe akapanda bodaboda mpaka dukani kwake, akarudi amepakata kioo kingine, kikubwa zaidi. Walipokiunganisha mkanda ulichukua nusu yake, na ndani ya nyasi alikuwemo mwanamke mzee aliyejifunga kanga kiunoni, analima.

Alikuwa anakata udongo pamoja na nyasi zake, anageuza bonge kichwa chini ili nyasi zilalie ndani, anapanga bonge juu ya bonge kwa duara, kisha anafunika kwa udongo mpaka yanakuwa kilima kidogo cha mviringo. Wafipa huviita ntumba vilima hivyo. Nyasi huoza tumboni mwake, na kuoza huko ndiyo mbolea.

Ambilikile alisogea karibu na kioo, akarudi nyuma.

"Kadi ya picha nzima," alisema. "Ramu nzima. Kioo hiki nimekitoa dukani kwangu, hakina shida." Akaweka bisibisi mfukoni. "Kaka, hapa hakuna ubovu. Hilo ni shamba."

"Ni shamba letu," Raymond alisema.

"Na yule?"

"Mama yangu. Mary."

Ambilikile akainama kidogo, akasema shikamoo. Spika zilikuwa mbovu tangu kompyuta inunuliwe, kwa hiyo hawakusikia kama aliitikiwa. Fundi alisubiri kidogo kwa heshima, akakunja kebo zake na kuaga. Kioo kikubwa aliwaachia, akisema kile kidogo kingemkata bibi miguu.

Mary alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, msimu wa baridi. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuja wapima ardhi na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakamkuta peke yake nyumbani. Wakamwuliza shamba lile lenye nyasi za kiunoni lililimwa lini mara ya mwisho. Mary alifurahi kuulizwa. Shamba la Ufipa huachwa liote nyasi, na kadiri linavyokaa ndivyo ntumba zake zinavyokuwa nono. Mtu mwenye shamba lililopumzika vizuri hulisifia kama mwingine anavyosifia ng'ombe wake. Lilikuwa limepumzika miaka mitano. Mary akasema saba, akaongeza miwili kama watu wanavyoongeza, na akawasindikiza wageni mpaka njiani na maboga mawili.

Wapima walikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua: limelimwa, au pori. Wakachagua pori. Pori likapewa kampuni ya kupanda miti ya misindano. Baadaye Mary alielezwa ni kitu gani amesema. Aliishi mpaka baridi iliyofuata, na katika siku zake za mwisho alimwomba padri amwondolee dhambi ya ile miaka miwili aliyoongeza. Padri alimwondolea. Inaonekana Mary mwenyewe hakuridhika.

Tangu siku aliyokuja fundi, Raymond hakugusa tena trekta. Aliwasha kompyuta asubuhi ili mama aone mwanga, akaizima usiku ili apumzike, lakini kila alipoiwasha tena walikuta ntumba zimeongezeka. Hakuwa anapumzika. Stefania alihamishia kiti chake cha kuchambulia mboga mbele ya kioo. Mwanzoni walisita kusali sala ya marehemu akiwa anawatazama, wakaona ni kama kumsema mtu aliyeko sebuleni. Kisha wakasali, na Mary akaegemeza jembe begani na kufanya ishara ya msalaba pamoja nao, akaendelea.

Stefania ndiye aliyesema wampeleke kwenye baraza la ardhi la kata. Shauri lao la ardhi lilikuwa limelala mwaka mzima kwa kukosa ushahidi kwamba shamba lilikuwa la kulimwa, na ushahidi sasa ulikuwa unalima mbele yao. Raymond aliogopa kutumaini. Alisali novena nzima, siku tisa mfululizo, akimwomba Mungu jambo moja tu, shamba, na kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu alitaja mipaka yake: kuanzia kijito mpaka kwenye mawe meupe, upande wa machweo kwenye njia ya ng'ombe.

Siku ya shauri waliviringisha kompyuta kwa blanketi, wakapanda gari la Muze na kushuka kwenye ofisi ya kata. Ambilikile alikuja nao kwa ajili ya waya, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Kioo kikawekwa juu ya meza ya baraza, kikawashwa. Ntumba zilikuwa zimefika mpaka kwenye kijito. Mary alikuwa mstari wa mwisho.

Mwenyekiti wa baraza, mzee Valerian, alivaa miwani na kutazama kwa muda.

"Huyu ni Mary," alisema. "Nilikuwa kwenye maziko yake. Nilibeba upande wa miguu."

Wajumbe wengine wakakubali kwamba ni yeye. Mmoja alisema anamjua kwa namna anavyotema mate viganjani kabla ya kushika jembe. Shamba nalo walilikubali: kijito, mawe meupe, njia ya ng'ombe. Raymond aliona mambo yanakwenda vizuri.

Kisha akaulizwa mwakilishi wa kampuni, kijana mpole mwenye koti la kijani. Hakubisha chochote. Alisema ni kweli, vilima vya udongo vimekuwa vikiota ndani ya uzio siku za karibuni, vingi vya kutosha, na miche ya misindano haina pa kukaa. Vibarua wamelalamika. Kampuni ilidhani ni mchwa, na inashukuru kufahamishwa.

Mzee Valerian akavua miwani.

"Mwanangu Raymond," alisema, "mimi pia nimekula ulezi wa ntumba. Najua nyasi si pori. Najua ardhi ilikuwa inapumzika. Lakini walipopima, hapakuwa na neno la kupumzika. Lilikuwepo limelimwa, na lilikuwepo pori."

"Sasa limelimwa," Raymond alisema. "Baba, tazama."

"Limelimwa baada ya kukabidhiwa. Hilo ni kuingia kwenye eneo la watu."

Baraza likatoka nje kushauriana chini ya dirisha, likarudi. Uamuzi ulisomwa kwa sauti ya kawaida. Eneo lilipopimwa lilikuwa pori, na litabaki pori. Marehemu amelima ndani ya uzio bila ruhusa. Kwa kuwa marehemu hawezi kupelekewa wito, warithi wake wanaonywa wamzuie. Kampuni inaruhusiwa kusawazisha vilima. Mzee Valerian alipomaliza aligeuka kwenye kioo na kusema kwa upole, "Samahani, mama." Mary alikuwa amewapa mgongo.

Njiani kurudi Ambilikile alipakata kompyuta kama mtu aliyetoka hospitali na mgonjwa asiyepona. Alipoiunganisha tena chumbani alikagua kila waya mara mbili, ingawa hakuna aliyemwambia, akasema tu, "Picha iko vizuri, kaka," akaondoka.

Unga ulikwisha wiki hiyo. Kampuni ilitangaza kazi ya kibarua kwa watu wenye jembe lao, na Raymond alikuwa na jembe. Hakumwambia Stefania ni kazi gani. Stefania alimfungia viazi kwenye kitambaa na kumsindikiza mpaka barabarani, mahali lori la vibarua linaposimama.

Walishushwa ndani ya uzio. Raymond aliona shamba lao kwa macho yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ntumba zilikuwa zimejaa kutoka kijito mpaka mawe meupe, nadhifu, udongo wake bado na unyevu, harufu ya nyasi zinazoanza kuoza imetanda kama ya mkate ulioko jikoni. Katikati yake ilisimama miche michache ya misindano, mifupi kuliko goti. Hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya vibarua.

Msimamizi aliitwa Mayunga, Msukuma ambaye baba yake alihamia na ng'ombe bonde la Rukwa. Aliwapangia kila mtu mstari. Raymond akavuta kofia usoni, akaanza. Pigo moja la jembe linatosha kubomoa ntumba moja, ukiipiga mahali pake. Mahali hapo alipajua, alifundishwa na aliyeijenga. Udongo ulimwagika, nyasi nyeusi zikatoka tumboni, akazisambaza kwa mguu na kusogea mbele. Alifanya hivyo asubuhi nzima akisali kimoyomoyo, na sala yake haikuwa na maneno tena ila jina la Yesu.

Kuelekea mchana alianza kusikia jembe lingine nyuma yake. Lilikata kwa mwendo mmoja na lake. Hakugeuka.

Mayunga alipita akikagua, akasimama.

"Baba, huku nyuma umeruka."

"Sijaruka."

Mayunga alitazama mstari wote, kutoka alipoanzia mpaka alipofika. Ntumba zilikuwa zimesimama tena, moja baada ya nyingine, za mwisho kabisa hatua chache kutoka kwenye visigino vya Raymond.

"Najua hujaruka," alisema. "Kesho utarudia." Akaenda kwa mtu mwingine.

Aliporudi nyumbani Stefania alikuwa amekaa mbele ya kioo, ungo uko mapajani bila kitu. Alimpa maji ya kunawa. Baadaye, akiwa anasonga ugali, alimsimulia kama anavyosimulia habari za mtaani kwamba leo aliingia mtu shambani, amevaa kofia, uso hauonekani. Alikuwa anabomoa ntumba. Mama alimwona, akasimama ameshika kiuno, akamtazama mpaka akamaliza ya tatu. Halafu akaenda kusimama nyuma yake, akaanza kuziinua.

"Hakumfukuza?" Raymond aliuliza.

"Hapana. Kuna mahali alimfuta vumbi mgongoni."

Raymond alikula matonge mawili, akaacha. Kwenye kioo ilikuwa jioni vilevile, na mwanamke mzee alikuwa anafunika kilima kimoja kwa udongo, anakipiga kwa bapa la jembe, anasogea kwenye kingine. Raymond aliuliza kama mama alionekana amechoka.

"Ndiyo," Stefania alisema. "Sana."

Alfajiri, lori lilipopiga honi, Raymond alikuwa ameshafika barabarani, jembe begani.