Mwenyeji Anayenyonya

Tupokigwe alirudi kutoka msibani Karonga siku ya Alhamisi, saa ya kukamua ng'ombe, akiwa na ndoo ya samaki wakavu kichwani, mtoto mgongoni na laini mbili za simu: ya Malawi kaifunga kwenye pindo la kitenge, ya Tanzania ameshairudisha kwenye simu. Alishuka barabarani Kyimo, akavuka kalvati, akakata kushoto kuingia kwenye migomba ya ukoo wa mumewe. Simu ilikuwa inashika vizuri tu. Alipoinua mguu kukanyaga uani kwake, ikalia.

"Karibu mgeni," ulisema ujumbe. "Uko nje ya mtandao wako wa nyumbani. Kupiga na kupokea kutatozwa kwa gharama za ugenini. Tunakutakia matembezi mema."

Aliusoma, akatua ndoo, akaenda kuangalia kama ng'ombe amepewa maji.

Hosea, mumewe, fundi wa kujenga, mtu mpole asiyependa matatizo yanayozidi urefu wa ngazi, alisema simu imechanganywa na safari.

"Iache ilale. Kesho itakuwa imezoea."

"Kwani simu ni kuku, baba Tulia?"

"Wewe izime tu."

Akaizima. Asubuhi alipoiwasha ikamuuliza kama mgeni ameamka salama.

Kule Karonga mambo hayakuwa hivi. Alikwenda kumzika mama yake mdogo, na siku ya kwanza tu kijana mmoja anayesajili laini alimkuta kwenye mkeka wa wafiwa akamuuliza yeye ni wa nani hapa. Kabla Tupokigwe hajafungua mdomo, wanawake wote waliokuwa wanakoroga uji wakajibu kwa pamoja, "Huyo ni wetu." Kijana akaandika, laini ikashika, uji ukiwa bado haujaiva. Hakuna aliyemwita mgeni nchi nzima ya Malawi.

Sasa tatizo halikuwa kuitwa mgeni. Ameitwa mengi. Tatizo lilikuwa mama yake mzazi aliyeko Nkunga, ambaye kifua kilimbana tangu mvua kubwa zianze. Mama huyo alikuwa hanywi dawa mpaka asikie sauti ya binti yake. Ndivyo walivyozoeana: jioni, maziwa yakishapelekwa, mama anapiga, wanasalimiana, wanawateta majirani kidogo, halafu Tupokigwe anasikia kikombe kinagonga jino na dawa inashuka. Jioni ile mama alipopiga, vocha yote ilikatika kwenye salamu. Salamu za Kinyakyusa ni ndefu, unauliza mpaka afya ya ndama, na aliyepanga gharama za ugenini hakulifikiria hilo. Dawa haikunywewa. Kesho yake vilevile.

Jumapili Tupokigwe akafunga safari kwenda Nkunga. Alipokanyaga uwanja alipozaliwa, uwanja alipotambaa na kung'oka meno ya utoto, simu ikalia.

"Karibu mgeni."

Kaka yake, Jairo, alimpokea kwa furaha, akamchinjia kuku, akamwonyesha chumba alichokuwa akilala zamani. Kilikuwa kimejaa mifuko ya mbolea mpaka dirishani.

"Imekaa vizuri humu," Jairo alisema. "Chumba kilikuwa hakina mtu."

Mama alikuwa jikoni karibu na moto. Alimeza dawa za siku zote alizokosa, moja baada ya nyingine, akimwangalia binti yake usoni kuhakikisha yupo. Kisha akaisikia habari ya simu.

"Hata yangu inasema hivyohivyo," alisema. "Tangu baba yenu alipofariki. Baadaye Jairo akanisajilia laini ya wageni. Haina shida mwanangu, na redio inashika."

"Kuna laini ya wageni?"

"Ipo. Ila inatakiwa mwenyeji aweke kidole. Bila mwenyeji hawakupi."

Jioni, akirudi, Tupokigwe alifika kwenye lile kalvati la Kyimo na simu ikamwambia, "Umerudi nyumbani." Akasimama. Akasogea hatua moja kuelekea migomba: mgeni. Akarudi nyuma: nyumbani. Kalvati lilikuwa la barabara, si la ukoo wowote, na chini yake maji yalipita bila kuuliza ni ya nani. Juu ya ukingo wake walikuwa wameketi wanawake wenye miamvuli, kila mmoja na simu sikioni, na muuza mahindi ya kuchoma ameshaweka jiko lake hapo kwa sababu biashara huwafuata watu.

Aliyekuwa katikati alikuwa jirani yake Atuganile, mama wa mabinti wanne, mwanamke ambaye taarifa za kijiji huanzia kwake na kurudi kwake kukaguliwa.

"Karibu nyumbani, dada," Atuganile alisema, akimsogezea nafasi. "Tulikuwa tunasema wewe unaringa. Wake wote wa upande ule tunapigia hapa, wewe unapiga kitandani kwako kama mtoto wa chifu."

"Yangu imeanza juzi."

"Hee! Basi ilikuwa imekusahau. Ulivuka mpaka, ikakagua vizuri."

Wanawake wakacheka mpaka muuza mahindi akacheka, ingawa hakuwa amesikia. Tupokigwe akampigia mama yake, wakasalimiana kwa urefu wote unaotakiwa, ndama wakaulizwa mmoja mmoja, dawa ikashuka. Akala na hindi.

Akawa anakwenda kila jioni. Lakini Rungwe ina mvua, na mwamvuli wa watu wawili haumtoshi mtoto aliyefungwa mgongoni. Wilson, mwanawe wa mwisho, ambaye hata kusimama alikuwa hajaweza, akaanza kukohoa kama bibi yake wa Nkunga. Nyumbani nako mama mkwe, Bibi Agness, akaanza kuongea na masufuria.

"Mkamwana wa watu kila jioni barabarani," aliliambia sufuria kubwa. "Watu watasema hapa hapalaliki."

Tupokigwe akamwambia Hosea achague: amlete mtu wa laini, au yeye abebe mtoto kalvatini akohoe mpaka mapafu yatoke. Hosea akapanda pikipiki kwenda stendi ya Tukuyu, akarudi na Siham.

Siham aliuza laini chini ya mwamvuli stendi, na baba yake na babu yake waliuza vitambaa palepale kabla ya simu kuwepo. Alivua viatu vyenye matope, akaketi kibarazani, akapewa chai ya maziwa, akafuta kile kimashine chake cha kusoma vidole kwa ncha ya ushungi.

"Laini ya wageni," alisema. "Sawa. Mwenyeji nani?"

Hosea akatoa kidole gumba. Mashine ikakiangalia kwa muda, ikazima taa. Saruji ilikuwa imekila chote, kimekuwa laini kama kijiko.

"Shemeji, hapa hakuna mtu," Siham alisema. "Yako ulisajilije?"

"Kwa kidole cha kaka," Hosea alisema. "Naye yuko Tunduma."

"Haya, nani mwingine?"

Bibi Agness alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuombwa. Hakuna aliyewahi kuingia nyumba ile bila ruhusa yake, na hata jogoo alikuwa akiwika akishamwona. Alisogea taratibu, akafuta mkono kwenye kitenge, akakiweka kidole kwenye kioo kama anayebandika muhuri.

Siham akasoma. Akasoma tena.

"Mama, inasema wewe pia ni mgeni."

"Imelowa hiyo."

Siham akaifuta. Bibi Agness akaweka kidole cha pili, kile alichokiona kina heshima zaidi.

"Inasema mgeni," Siham alisema. "Tangu ulipoolewa. Inashauri utafute mwenyeji."

"Migomba yote hii unayoiona nimeipanda mimi. Huyu Hosea nimemzaa palepale alipokaa mbwa."

"Inajua, mama. Imeandika hapa: mgeni mchapakazi."

Bibi Agness aliiangalia mashine jinsi anavyoangalia maharage yenye wadudu. Kisha akasema chai imepoa, akaingia ndani.

"Asinune," Siham alimwambia Tupokigwe. "Mimi nimezaliwa hospitali ya hapo Tukuyu, babu yangu kazikwa hapo juu, na kila siku mteja ananiuliza kwetu ni wapi hasa. Natumia hiyohiyo ya wageni. Ukiizoea unasahau."

Hapo Tulia, binti mkubwa wa Tupokigwe, msichana wa darasa la pili, akajipenyeza katikati yao. Mkononi alikuwa na simu aliyoichonga kwa gogo la mgomba, yenye namba za mbegu za maharage.

"Mimi nimezaliwa hapa," alisema. "Weka cha kwangu."

Akaweka kabla hajaruhusiwa. Mashine ikafikiri kidogo.

"Msafiri," Siham alisoma. "Bado hajaondoka."

"Naenda wapi?"

"Nenda kalete kuni," baba yake alimwambia.

Kikohozi kikasikika nyuma ya migomba. Tupokigwe akainuka haraka, akajificha nyuma ya banda la ng'ombe. Kwa desturi ya kwao mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Vijana wa mjini wameshaiacha, lakini mzee Ambindwile hakuwa kijana wala hakuwa wa mjini. Miaka yote ya ndoa Tupokigwe alimfahamu mkwewe kwa kikohozi na kofia inayoelea juu ya majani.

"Hosea," kofia ilisema, "mwambie binti wa laini kwamba kidole changu kipo. Hapa mimi ndiye mwenyeji wa wote, hata wa mvua."

"Anasema kidole chake kipo," Hosea alimwambia Siham, aliyekuwa amekwishasikia.

"Mwambie anaweka yeye, halafu anaweka mkamwana, kwenye kioo hikihiki kimoja."

Kofia ikarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie haiwezekani," kofia ilisema. "Itakuwa kama tumeshikana mikono."

"Katikati tutakifuta kioo kwa spiriti."

"Mwambie spiriti haina nguvu hiyo."

Kofia ikaondoka, ikikohoa kwa masikitiko. Tupokigwe akatoka bandani na nyasi kichwani. Jua, ambalo siku hiyo halikuwa limeonekana, lilikuwa linazama, na Nkunga kikombe cha dawa kilikuwa kimewekwa tayari.

Wilson akaamka, akataka kunyonya. Mama yake akampakata. Siham akamwangalia mtoto, akaangalia mashine, akaweka kikombe chini.

"Huyu wa kiume?"

"Wa kiume."

"Mtoe kidole mdomoni."

Wakamtoa kidole gumba mdomoni, wakakifuta mate kwa kona ya khanga, wakakibonyeza kwenye kioo. Mashine haikufikiri hata kidogo. Ikawaka kijani, ikapiga mlio ambao Siham alisema huwa inaupiga kwa viongozi tu.

"Hongera," Siham alisoma. "Mwenyeji wako ni Wilson Hosea. Laini yako itadumu muda wote atakaoridhika nawe. Tafadhali mheshimu mwenyeji."

Mwenyeji akarudisha kidole mdomoni, akakuta si alichokuwa anakitaka, akalia. Tupokigwe akampa ziwa haraka, maana hakutaka laini ikatike siku ya kwanza.

Siham alipokuwa anafungasha, Bibi Agness akatoka ndani amejitanda, simu yake ameishika kama yai.

"Binti," alisema, akiangalia pembeni. "Huyo mtoto anaruhusiwa wageni wangapi?"

Naye akasajiliwa. Tangu siku hiyo alipomwogesha Wilson alimwogesha kwa adabu, na uji wake ulichujwa mara mbili.

Habari haikulala. Wiki ile Siham alizunguka Kyimo yote, mpaka Kawetele wakamwita, na watoto wa kiume wa kila umri wakafutwa vidole. Wapo waliogoma mpaka wapewe maandazi, na mmoja wa darasa la nne alimwambia mama yake aache kumtuma dukani kwa sababu yeye sasa ni mwenyeji. Wanaume walisema ni jambo jema wake zao wamepata mtandao, na kwamba hawakujua kama kulikuwa na shida. Barabarani wakabaki wasio na watoto wa kiume. Atuganile aliendelea kukaa palepale katikati ya ukingo, mwamvuli wake mmoja na binti zake wanne, na muuza mahindi akapunguza mkaa.

Tupokigwe bado hupitia kalvatini Ijumaa. Nyumbani mtandao ni mzuri, ila umbea hauna nguvu.

Jioni nyingine zote yuko jikoni kwake, mvua inapiga bati, ndizi zimechemka. Mama hupiga, wanasalimiana kwa urefu wote.

"Na mwenyeji wako hajambo?" mama huuliza.

"Hajambo, ameota jino. Na wako?"

"Jairo yupo. Ameongeza mifuko ya mbolea."

Jana, kikombe kilipogonga jino la mama na dawa ikashuka, ile simu ya mgomba ililia kwenye mapaja ya Tulia. Ilikuwa imeanza kukauka, namba mbili zimedondoka, lakini ililia vizuri. Tulia akaiweka sikioni, akasikiliza.

"Wanasemaje?" mama yake akamuuliza.

"Wanasema nisiwe na wasiwasi. Nifungashe taratibu, muda bado upo."

Tupokigwe akachota ndizi za kwanza, zile za katikati ya sufuria ambazo huwa zinawekwa kwa ajili ya wenye nyumba, akamjazia Tulia sahani.

"Waambie unakula," alisema.