Shina Lililokatwa Januari

Alwyn Prosser aliitunza bustani ya jumba la Bi Rosamund tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na katika mkoa mzima wa Shropshire, Uingereza, hakuna aliyethubutu kumfundisha kushika msumeno. Ndiyo maana kosa lake lilimwaibisha kuliko ambavyo lingemwaibisha mtu mwingine.

Ilikuwa Januari, bustani imelala. Ukutani, kando ya dirisha la Bi Rosamund, wisteria ya miaka na mikaka, mmea wa kutambaa wenye vishada vya maua ya zambarau, ilikuwa imesongwa na mtambaazi wa porini, mashina yamesokotana hata hujui lipi ni la nani. Kazi ile hufanywa na watu wawili: mmoja anatikisa juu, mwenzake anatazama chini ni shina lipi linalocheza. Alwyn hakumwita Gwenda, msaidizi wake. Amwite wa nini, yeye Alwyn? Akapiga magoti kwenye barafu, akachagua shina nene la kijivu, akakata. Alipouvuta mtambaazi, ukang'oka na mzizi wake mwenyewe, mzima. Loo. Alikuwa ameikata wisteria.

Sasa, mmea uliolala hauonyeshi kama umekufa. Mpaka Mei, majani yakose kutoka, nani angejua? Alwyn akapaka udongo pale alipokata, akarundika mboji juu yake, akanyamaza. Mtu mzima na mvi zake.

Kilichomkata maini ni hiki: Harriet, binti yake Bi Rosamund, alitaka kumhamishia mama yake kwenye nyumba ya wazee tangu vuli. Mama alikubali kwa sharti moja, aione wisteria ikichanua mara moja tena, ndipo aondoke. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda.

Februari ikafika, wakati wa kupogoa, kila tawi libakizwe macho mawili tu ya kuchipulia. Asingepogoa, Gwenda angeuliza. Basi akapanda ngazi, akapogoa maiti.

"Leo unakata taratibu kama unamnyoa bwana harusi," Gwenda akamtania toka chini.

"Shika ngazi, wewe."

"Si nimeishika? Mbona uso umekupauka?"

"Baridi."

"Tangu lini wewe ukasikia baridi?"

Dirisha likafunguka. Bi Rosamund, shali mbili mabegani, akamnyooshea kikombe cha chai. "Chukua, Alwyn. Wiki nzima nakuona unavyohangaika nayo. Mume wangu angekushukuru."

Alwyn akakipokea, aibu ikampanda mpaka masikioni. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, lakini yeye hakuweza kungoja kilio.

"Mama, imekufa," akasema. "Niliikata shina mwezi uliopita, kwa mkono wangu huu. Kisha nikaficha."

Gwenda akainamisha kichwa.

Bi Rosamund akayatazama matawi. "Sasa hapo juu ulikuwa unapogoa nini?"

"Nilikuwa nakudanganya, mama. Mzizi upo, utachipua. Ila maua, labda baada ya miaka kumi."

"Miaka kumi," akarudia, akacheka kidogo, kicheko cha mtu wa miaka themanini na tisa. Halafu akasema, bila hasira, "Ungenyamaza, Alwyn. Ningengoja mpaka Mei, nyumbani kwangu."

Wiki zote zile Alwyn alijiona mwoga kwa kunyamaza, na sasa hakujua kama kusema kwake kulikuwa ushujaa au ni kutua mzigo wake mabegani mwa bibi kizee. Alitamani afukuzwe kazi papo hapo. Badala yake akamsikia Bi Rosamund ndani akiongea kwenye simu.

"Harriet? Njoo Jumamosi, mwanangu. Hakuna ninachongoja tena."

Jumamosi hiyo Alwyn ndiye aliyembebea sanduku mpaka garini, na Bi Rosamund akamshika mkono, akamshukuru kwa kazi ya miaka yote. Afadhali angemtukana.