Mashine Iliyosikia Kula

Mume wangu Machibya hawezi kusubiri. Daraja la Busisi lilipofunguliwa alilivuka wiki ile ile, akanywa soda ng'ambo ya ziwa, akarudi kwetu Butimba kunisimulia kana kwamba zege alilimwaga mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwona anaingia getini na boksi la laptopu sikuuliza. Nilijua ni ya kwanza mtaani.

"Mwalimu Paskazia, hii ina plosesa mpya," aliniambia. "Ina akili mnemba humo humo ndani. Unasema, inaandika. Mambo ya kuchapa kwa vidole yamepitwa na wakati."

Aman, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa amemshauri asubiri mwaka mmoja, kasoro zijitokeze kwa wengine kwanza. Nami nilimuunga mkono Aman.

"Mwaka kesho nitakuwa na miaka sabini na moja," Machibya alitujibu. "Nyie ndio mna muda wa kusubili."

Jibu hilo lilinichoma kidogo.

Sasa akataka kikundi chetu cha walimu wastaafu nacho kinunue mashine kama hiyo. Yeye ndiye katibu. Uamuzi ungefanywa kwa kura, Jumamosi, nyumbani kwetu, na mwaliko aliuandika kwa kuisemesha laptopu, amesimama wima kama yuko darasani.

Mimi ni Mhaya, nilifundisha Kiswahili. Yeye ni Msukuma, alifundisha hesabu. Miaka arobaini nimemrekebisha r na l zake bila mafanikio. Mashine haikujisumbua. Maneno mengine iliyanyoosha yenyewe, lakini kura iliiandika ilivyoisikia: "Wanachama wote mnakaribishwa Jumamosi saa nne asubuhi kwa ajili ya kula. Kula ni siri. Kila mmoja atapiga kula moja tu." Haikuweka hata mstari mwekundu, maana kula nalo ni neno. Akautuma kwenye kundi la simu. Niliuona, nikanyamaza, nikaenda kucheka jikoni.

Jumamosi walikuja wote kumi na mmoja, mbali na sisi wawili wenyeji, hata wale wagonjwa wa siku zote. Masele, mweka hazina, alisema hajanywa hata chai.

"Katibu, mbona sisikii harufu ya kitu?"

"Halufu ya nini? Tumekuja kupiga kula!"

"Ndiyo, na tuko tayari," akasema Masele.

Machibya akafungua laptopu, akausoma mwaliko kwa sauti, neno kwa neno, ili amwaibishe Masele. Kinywani mwake kila kitu kilikuwa sawa. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Ilibidi mwanachama mwenzetu Rebeka asimame amwonyeshe ile l kwa kidole, ndipo akaiona. Akaifunga laptopu taratibu, akakaa. Mimi nikaona aibu kwa kuliona kosa lile mapema na kunyamaza.

Vikaratasi vikapita. Hapana kumi na moja, ndiyo mbili. Wakanywa chai, wakaondoka, nami nikaingia jikoni kukaanga samaki.

Nilipotoka, Machibya alikuwa bado kavishika vile viwili vya ndiyo.

"Hiki changu. Hiki kingine cha nani? Wewe si ulisema tusubili?"

"Kura ni siri, Mwalimu. Kula si siri. Njoo mezani, sato anapoa."

Akaifungua laptopu na kuisogeza upande wangu.

"Hebu ludia," alisema. "Polepole, nayo isikie."